Kutambua ni Kazi ya Nani? Uhakiki wa Istilahi Mbili za Chipu

Istilahi ya ufundi hupimwa kwa mambo mawili: kama inatamkika kwa urahisi, na kama inasema kweli juu ya kitu inachokitaja. Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu chipu ndogo zinazopokea vipimo vya joto, unyevu au mtikisiko, maneno «kitambuzi» na «ishara» yamefaulu mtihani wa kwanza tu.

Tuitazame kazi yenyewe. Chombo cha kupimia hugeuza mtikisiko kuwa volteji. Hakijui ni nini kilichotikisika. Volteji hiyo hupelekwa kwenye chipu, kwa mfano MSP430 ya kampuni ya Texas Instruments, iliyotokea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chipu ya namna hii yaweza kulala karibu wakati wote, ikitumia mkondo wa maikroampea chache au pungufu. Huamka, huibadili volteji kuwa tarakimu, huilinganisha na kiwango ilichoandikiwa katika programu, kisha hulala tena. Hivyo betri ndogo huitosha miaka. Na kwa kuwa kutuma habari kwa redio hula umeme mwingi kuliko kuhesabu, kipimo kilicho chini ya kiwango mara nyingi hakitumwi kabisa.

Basi, nani ametambua? Si chombo, wala si chipu. Ni mtu aliyechagua kiwango kabla ya tukio. Neno «kitambuzi» linamficha mtu huyo, na pamoja naye uwezekano wa kukosea kwake.

«Ishara» nayo ina kasoro yake. Kwa Waswahili, ishara mara nyingi hutolewa kwa makusudi, nayo hueleweka. Mlima hauashirii, hutetemeka tu. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mabadiliko dhahiri ya mitetemo yalianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Jambo hilo lilibainishwa na uchambuzi wa baadaye, uliowezekana kwa sababu mawimbi yenyewe yalikuwa yamehifadhiwa. Lau kungehifadhiwa yale tu yaliyokwisha kuitwa ishara, wachambuzi wangerudia nini?

Watasema wengine kwamba maneno haya yamekwisha kuzoeleka. Ni kweli, na mazoea yana nguvu. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kongo aliyejifunza ufundi kwa Kifaransa anajua «capteur», yaani kinachonasa, neno lisilodai zaidi ya hapo. Tunapendekeza basi «kinasa» kwa chombo, «mawimbi» kwa kinachonaswa, na «ishara» kwa kile tu kilichovuka kiwango. Kutambua tumwachie binadamu: mjini Goma, ndiye atakayeulizwa na majirani zake kwa nini hakuwaonya mapema.