Mwana wa Nani Huyo Aliyeshika Kamba? Uhakiki wa Filamu ya Howard Hawks, *Hatari!* (1962)

Utangulizi

Mji wa Sultan Hamud umekaa kando ya reli na barabara kuu iendayo Mombasa, mahali ambapo ardhi ya Wakamba inapakana na ardhi ya Wamaasai. Jina lake linamkumbuka Hamud bin Muhammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1896 hadi 1902, kipindi ambacho reli hiyo ilijengwa kutoka pwani kwenda bara. Ni katika mji huo ambapo mwandishi wa makala haya aliwaonyesha jamaa na majirani filamu ya mwongozaji wa Kimarekani, Howard Hawks, iitwayo *Hatari!*. Filamu hiyo ilipigwa picha Tanganyika, katika nyika za kaskazini karibu na Arusha, na kutolewa mwaka 1962. Watazamaji walikuwa wakulima, wachuuzi wa kando ya barabara na wanafunzi wawili watatu. Walishangilia kifaru alipoufukuzia mbali motokaa, nao wakanyamaza kifaru huyo alipomjeruhi mtu. Filamu ilipofika katikati, mzee mmoja aliyewahi kuwa mwindaji katika ujana wake alinyosha kidole kwenye ukingo wa picha na kuuliza: “Mwana wa nani huyo aliyeshika kamba?” Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa filamu yenyewe haisemi.

Makala haya yanakusudia kulichukua swali la mzee huyo kuwa swali la uhakiki. Tunadai kwamba *Hatari!* inavunja moyo, lakini si kwa sababu Hawks alikuwa msanii hafifu, wala si kwa sababu tu alikuwa mgeni aliyekuja Afrika na macho ya kigeni. Lawama ya namna hii ya pili ni ya kweli kwa filamu nyingi mno hata haimsaidii mhakiki kuipambanua moja na nyingine. Filamu hii inavunja moyo kwa sababu inaihalifu kanuni ambayo Hawks mwenyewe aliijenga kwa zaidi ya miaka thelathini ya kazi, na inaihalifu pale hasa ambapo ilipata nafasi bora ya kutimizwa.

Msanii na kanuni yake

Hawks alizaliwa mwaka 1896, naye alikuwa na umri wa miaka 64 kazi ya *Hatari!* ilipoanza kupigwa picha. Nyuma yake palikuwa na filamu ambazo mwanafunzi yeyote wa sanaa hii hana budi kuzijua: *Bringing Up Baby* (1938), *Only Angels Have Wings* (1939), *His Girl Friday* (1940), *The Big Sleep* (1946), *Red River* (1948) na *Rio Bravo* (1959). Wahakiki wa Kifaransa waliokuwa wakiandika katika jarida la *Cahiers du cinéma*, akiwemo Jacques Rivette katika makala yake ya mwaka 1953, ndio waliotangulia kusisitiza kwamba huyu aliyedhaniwa kuwa fundi wa burudani tu ni msanii mwenye falsafa yake. Heshima hiyo iliifikia *Hatari!* pia. Katika filamu ya Jean-Luc Godard, *Le Mépris* (1963), bango la *Hatari!* linaonekana limebandikwa ukutani kama ishara ya sinema inayopendwa.

Falsafa yenyewe inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Katika filamu za Hawks mtu hupimwa kwa kazi yake. Kikundi kidogo cha watu hukutana mahali pa mbali, hufanya kazi inayoweza kuwaua, na kutokana na kazi hiyo huzaliwa udugu ambao haujali nasaba, mali wala maisha ya zamani ya mtu. Katika *Only Angels Have Wings* ni marubani wapelekao barua juu ya milima ya Amerika ya Kusini. Katika *Rio Bravo* ni askari mkuu wa mji anayelinda gereza pamoja na mlevi, mzee kiguru na kijana ambaye hajajaribiwa. Hapaulizwi mtu katoka wapi. Swali ni moja tu: je, kazi anaiweza? Huu tutauita udugu wa kazi.

*Hatari!* ilikusudiwa kuupeleka udugu huo mbali kuliko filamu zote zilizotangulia. Kampuni inayokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za ng’ambo imewakusanya Sean Mercer, Mmarekani (John Wayne). Kurt, Mjerumani (Hardy Krüger). Chips, Mfaransa (Gérard Blain). Luis, Mmeksiko (Valentín de Vargas). Na Pockets, aliyekuwa dereva wa teksi New York (Red Buttons). Mwenye kampuni ni msichana Brandy (Michèle Girardon), aliyeirithi kwa babake. Baadaye anaongezeka Dallas, mpiga picha wa Kiitaliano (Elsa Martinelli). Ikumbukwe kwamba Vita Vikuu vya Pili vilikwisha mwaka 1945. Kumweka Mjerumani na Mfaransa ndani ya gari moja, wagombane kisha wapatane kwa sababu ya kazi, lilikuwa wazo lenye uzito wake. Kikundi hiki ni umoja mdogo wa mataifa.

Kifani pia jaribio lilikuwa kubwa. Waigizaji wenyewe waliingia katika ukamataji badala ya kuwaachia watu wa kuwaigizia. Wanyama ni wa kweli, na kisa kilisukwa kadiri mawindo yalivyokwenda. Picha za Russell Harlan, ambazo zilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar, zinatuonyesha vumbi, mshtuko wa gari juu ya mashimo na uzito wa kifaru anayekataa kufungwa, kwa namna ambayo hakuna studio ingeweza kuiunda. Mhakiki atakayezidharau sehemu hizi hatakuwa mkweli. Watazamaji wetu wa Sultan Hamud, ambao hawahitaji kuelezwa kifaru ni nini, walizishangilia.

Mikono isiyo na wenyewe

Dosari inaanzia ndani ya picha hizo hizo bora. Tukizitazama tena kwa makini, tunaona kwamba kazi haifanywi na hao wageni peke yao. Waafrika wako juu ya malori. Waafrika wanavuta kamba, wanafunga miguu ya wanyama, wanawasukuma kizimbani na kuwatunza kambini. Kwa kuwa Hawks alitaka ukweli wa kazi, kamera yake haikuweza kuwakwepa watenda kazi. Tunaona ustadi wao waziwazi: namna wanavyojua mahali pa kusimama, wakati wa kulegeza kamba na wakati wa kuikaza. Kwa kipimo cha Hawks mwenyewe, watu hawa wamefuzu mtihani.

Hata hivyo udugu hauwafungulii mlango. Jioni, kikundi kinapokusanyika sebuleni kunywa, kupiga kinanda na kutaniana, wao hawamo katika mazungumzo. Hata pale Mwafrika anapopewa jina, kama Saidi au Arga, jina hilo halifuatwi na kisa, hofu, wala mzaha wa kwake mwenyewe. Kiswahili kinasikika kwa vipande, nacho ni Kiswahili cha kuagiza. Wahusika hawa hawafikii hata kiwango cha wahusika bapa, kwa maana mhusika bapa huwa walau na sifa moja iliyokusudiwa na mtunzi. Hawa wamepewa mikono tu.

Mifano miwili itatosha. Mwanzoni mwa filamu, mwindaji aitwaye “Indian” (Bruce Cabot) anajeruhiwa na kifaru na kupelekwa hospitalini Arusha, ambako anahitaji damu ya aina iliyo adimu. Katika mji uliojaa watu, damu hiyo inapatikana kwa Chips, Mfaransa aliyeingia muda uo huo akitafuta kazi. Tukio hili ni la msingi kimaudhui, kwa kuwa damu ndiyo inayomwingiza Chips katika udugu. Mtunzi alipotafuta ishara ya undugu kati ya wasiofahamiana, macho yake hayakuvuka duara la wageni.

Mfano wa pili ni sherehe ambapo Warusha wanampaka Dallas rangi na kumwita Mama Tembo, kwa sababu anawalea ndama wa ndovu. Hapa Waafrika wanapewa muda mrefu mbele ya kamera, lakini ni muda wa ngoma na mapambo. Wao ndio wanaotoa jina, na hakuna anayeyauliza majina yao. (Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, tembo ni pombe ya mnazi pia, watazamaji wetu walicheka mahali ambapo Hawks hakutarajia kicheko.)

Baada ya hapo kisa kinateremka. Filamu inachukua dakika 157, na sehemu yake ya mwisho inahamia kwenye uchumba, vitimbi na ndovu wadogo wanaomkimbilia Dallas mjini kisha kuvamia chumba cha maarusi. Hatari iliyotajwa katika anwani imetoweka. Tunadai kwamba kulegea huku kwa msuko kunahusiana moja kwa moja na dosari tuliyoitaja. Mtunzi aliyekataa kuwasikiliza nusu ya watu waliomo katika kazi anabaki na kisa chembamba, naye hulazimika kukijaza kwa vichekesho.

Ufa wenyewe ni wa zamani. Katika *Red River* na *Rio Bravo*, Quo na Carlos, mmoja Mhindi Mwekundu na mwingine Mmeksiko, waliwekwa zaidi kwa ajili ya kuchekesha. Huko ufa haukuangusha nyumba, kwa kuwa kisa kilisimama mahali pengine. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Alipofika Tanganyika, Hawks aliusimamisha mzigo wote wa filamu juu ya ufa huo.

Neno lililotwaliwa

Lipo jambo la lugha ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kulinyamazia. *Hatari!* ni mojawapo ya filamu kadhaa za wakati ule zilizojitafutia anwani Afrika Mashariki. *Simba* ilitoka mwaka 1955, *Safari* mwaka 1956. Nayo *Mogambo* ya John Ford (1953) ilivaa neno lenye mlio wa Kiswahili ambalo halimo katika Kiswahili. Hawks alichagua neno halisi, lililokopwa kutoka Kiarabu na kukaa katika lugha yetu kwa muda mrefu. Lakini neno si mlio tu. Hatari ni hatari kwa fulani, na anwani hii inatulazimu kuuliza: ni hatari kwa nani?

Historia ya pande zetu ina jibu. Wakamba, kama Wawaata, walikuwa wawindaji mashuhuri wa upinde na mishale ya sumu. Hifadhi ya Tsavo ilipoundwa mwaka 1948, na hasa katika operesheni kali ya miaka ya 1956 na 1957, wengi wao walikamatwa na kufungwa kwa kosa la ujangili. Miaka michache baadaye, upande wa pili wa mpaka, Hawks anatuonyesha wageni wenye leseni wakimfukuza kifaru kwa magari, na anauita mchezo huo ushujaa. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa mbele ya sheria. Tunasema kwamba mzee aliyeuliza swali Sultan Hamud alijua kwamba ustadi ule ule humfanya mmoja shujaa na mwingine mhalifu. Na kwa mkulima wa Kibwezi au Mtito Andei, ambaye ndovu huweza kuingia shambani mwake usiku, hatari si neno la bango la sinema.

Aidha, filamu ilitengenezwa wakati Tanganyika ikijiandaa kwa uhuru, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mnamo Septemba mwaka huo, Arusha penyewe, Julius Nyerere alitoa tamko maarufu kuhusu dhamana ya taifa jipya kwa wanyama wake. Katika *Hatari!* hakuna mnong’ono wa mambo hayo. Wanyama ni wa atakayeweza kuwakamata.

Je, tunadai makubwa?

Huenda ikasemwa kwamba tunaihukumu kazi ya 1962 kwa kipimo cha leo. Hoja hii haina nguvu. Mwaka 1958 Jean Rouch alitoa *Moi, un noir*, ambamo Oumarou Ganda na wenzake, vibarua wahamiaji mjini Abidjan, wanayaigiza na kuyasimulia maisha yao. Mwaka 1963, mmoja tu baada ya *Hatari!*, Ousmane Sembène alimpa mwendesha mkokoteni wa Dakar filamu nzima, *Borom Sarret*, isiyozidi nusu saa. Hawakuwa na fedha za Hawks wala nyota wake. Njia ilikuwapo. Zaidi ya hayo, kipimo tulichotumia si chetu; tumekiazima kwa Hawks.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba udhaifu wa *Hatari!* ni wa kimaudhui na wa kifani kwa pamoja: udugu wa kazi uliowafungia nje watenda kazi ulikinyima kisa watu wake, nacho kisa kikaishia kwenye mizaha. Filamu hii isitupwe. Kamera yake iliona kuliko mswada wake, na kwa hiyo inabaki kuwa ushahidi wa kazi ambayo mtunzi hakuitambua.

Waliokuwa vijana juu ya malori yale, ikiwa wangali hai, ni wakongwe sasa. Mtafiti atakayekwenda Momella, Arusha na vijiji vya chini ya Mlima Meru na filamu hii mkononi, akaisimamisha picha baada ya picha na kuwauliza wazee au watoto wao, atakuwa ameikamilisha kazi ambayo Hawks aliiacha nusu. Swali la kuanzia analo tayari, lilishaulizwa Sultan Hamud.