Koo Moja Halitoshi

Kijana aliyemwigiza mwanamuziki Remmy Ongala alikaukiwa na sauti kwenye wimbo wa tatu. Tulikuwa mazoezini hapa Katumba Songwe, jioni, vyura wa majaruba ya mpunga wakishindana na gitaa. Nilimwona akimeza mate, mkono kooni, macho kwa mpiga solo kana kwamba anaomba apokelewe.

Kosa si lake. Remmy mwenyewe, ndani ya bendi yake ya Super Matimila, alikuwa na waitikiaji na magitaa ya kumpumzisha. Igizo linamtaka mtu mmoja aimbe, aseme, alie na acheze, kisha kesho arudie. Kila anayempandisha mwanamuziki maarufu jukwaani anakutana na tatizo hili la koo.

London walilikwepa. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, akafariki mwaka 1991. Nyimbo za bendi yake zilipotafutiwa igizo, wazo la awali lilikuwa kusimulia maisha yake. Likaachwa. Ben Elton akatunga hadithi ya dunia ijayo ambamo ala za muziki zimepigwa marufuku. Igizo hilo, We Will Rock You, likafunguliwa ukumbi wa Dominion tarehe 14 Mei 2002. Wahakiki wakaliponda, watu wakaendelea kununua tiketi hadi 31 Mei 2014.

Kiufundi, dawa ilikuwa kugawa. Nyimbo zilizojulikana kwa sauti ya mtu mmoja zikatawanywa: nyingine kwa malkia katili, nyingine kwa vijana wawili wapendanao, nyingine kwa kundi zima. Hakuna aliyelazimika kuwa Freddie. Bohemian Rhapsody, ile ngumu inayosubiriwa na wote, ikawekwa mwisho kabisa, hadithi ikiwa imeshakwisha. Freddie akabaki nje, sanamu kubwa juu ya mlango, ngumi hewani. Nauheshimu ufundi huo, lakini gharama yake inaniuma: hadithi ile haina Unguja, wala familia iliyoondoka kisiwani mwaka 1964.

Igizo la Fela!, lililofika Broadway tarehe 23 Novemba 2009, halikukwepa. Mwongozaji Bill T. Jones alimweka mwanamuziki Fela Kuti katikati, na ukumbi ukapambwa ufanane na klabu yake ya Lagos. Koo wakalitibu kwa watu wawili: Sahr Ngaujah na Kevin Mambo walipokezana maonyesho. Bendi ilikuwa jukwaani, ikipiga chinichini huku Fela akizungumza, na watazamaji wakainuliwa wafundishwe kuzungusha nyonga. Hapo mwimbaji anavuta pumzi bila onyesho kusimama.

Hilo ndilo nililowaletea vijana wetu. Nyimbo za Queen nyingi ni fupi na za juu, hazina pa kujificha. Dansi letu lina chemko: maneno yakishaisha magitaa yanashika kazi, na igizo linaweza kuendelea juu yake. Waandishi wetu walikuwa wanalikata chemko ili kuokoa muda, kumbe hapo ndipo mahali pa kumwonyesha Remmy akiwasili kutoka Kongo, au akibishana kuhusu wimbo wake wa Mambo kwa Soksi.

Jumamosi tulilirudisha, tukaongeza na Remmy wa pili. Gitaa likishaanza kuchemka, wa kwanza anarudi nyuma ya spika akicheza, anavua rasta za katani, anamvisha mwenzake. Mara mbili zilianguka. Mara ya tatu yule wa pili akatokea amesimama wima, akadaka wimbo, na mwenzake nyuma ya spika alikuwa anakunywa maji.