Mizani ya Starehe: Siku Moja na Usiku Wake Mjini Mombasa

Starehe ni kazi ya mikono. Watu wengi wajao Mombasa kwa ajili ya anasa hudhani kuwa starehe hununuliwa ikiwa tayari, kama kanzu dukani, na kwamba mwenye fedha nyingi ndiye atakayeipata kwa wingi. Lakini mimi, niliyezunguka mitaa ya mji huu tangu udogo wangu, nimeyakinisha kwamba kila tunu yake ina fundi wake, na kila fundi ana alama zinazomtambulisha kwa mwenye jicho na ulimi wa kupambanua. Alama hizo ni nyingi, ila shina lao ni moja, nalo ni wakati: kitu chema ni kile kilichopewa saa zake zote, na kitu duni ni kile kilichodhulumiwa saa hizo.

Siku na ianze kwa mahamri na mbaazi za nazi, na hukumu ianze mkononi kabla ya kufika kinywani. Hamri lililokandwa kwa tui, likaachwa liumuke mpaka likatosheka, huwa jepesi, na ukilipasua hukuta ndani uwazi mtupu unaotoa mvuke wenye harufu ya iliki. Lile lililotoswa mafutani kabla ya wakati wake huwa zito, ndani limejaa unga ulioshikana, na vidole vyako hubaki vimelowa mafuta. Katika mbaazi, tazama tui. Mpishi stadi huzipika kwanza kwa tui jepesi, na kasimile, lile tui zito la kukamua mara ya kwanza, hulitia mwisho, akalikoroga juu ya moto mdogo asiuondoe mkono wake. Ukiona chembechembe nyeupe zimejitenga na maji, fahamu kuwa tui limekatika kwa sababu moto ulikuwa mkubwa na mpishi ana haraka.

Kabla jua halijawa kali, pita soko la Marikiti, si lazima ununue sana, bali uizoeze pua yako. Pasua ganda moja la iliki: punje zikiwa nyeusi na zenye unyevu wa kunata, hiyo ni iliki, zikiwa kavu na zimepauka, hilo ni ganda tu. Maarifa haya madogo yatakufaa adhuhuri utakapoketi mbele ya sinia ya biriani, kwa maana biriani ndiyo mahakama ya viungo vyote. Hapa kwetu mchuzi wake na wali wake hupikwa mbalimbali, hivyo kila kimoja sharti kisimame kwa miguu yake. Wali uwe punje moja moja, wala usiwe mkavu. Vitunguu viwe vimekaangwa vikageuka rangi ya hudhurungi na kuacha utamu pasipo uchungu wa kuungua. Na nyama iachane na mfupa kwa kusihiwa, si kwa kulazimishwa. Rangi kali ya wali isikuhadae, kwani rangi yaweza kutiwa kwa dakika moja, hali ladha ya kitunguu haipatikani ila kwa kukisubiri.

Alasiri ni ya Mji wa Kale. Tembea taratibu chini ya roshani za mbao, na kila ufikapo penye mlango wa nakshi, simama. Mlango mwema husomwa kwa kina cha mchongo wake: mwanga wa jua lililoinama ukiingia katika ua la mbao na kulala humo kama kivuli, mchongaji hakuogopa kuzama, na mfaa, ule mti wa katikati unaofunga mbao mbili, haukubali kosa, kwa sababu ndio wa kwanza kutazamwa na kila mgeni.

Kisha keti barazani umngoje muuza kahawa, utakayemsikia kabla ya kumwona, kwa mlio wa vikombe vyake. Kahawa tungu ya kweli hutoka katika dele ikiwa moto, uchungu wake ni safi, hauchachi ulimini, na tangawizi huja nyuma ya kahawa, haitangulii. Pamoja nayo dai halwa, tunu yenye nasaba ya Omani, kama zilivyo nasaba nyingi za mji huu tangu Waomani walipowatoa Wareno katika ngome ya Mombasa mwaka 1698. Wanga, sukari, samli, iliki na zafarani hukorogwa kwa mwiko mrefu saa baada ya saa bila kupumzika, na halwa iliyopata haki yake hung'aa, hutetemeka ikiguswa, haigandi menoni, wala haiogelei katika samli. Nilipokuwa kijana niliisifu mbele ya mzee mmoja aliyeipika, ingali na joto la sufuria. Hakufurahi. Akaniambia, "Mwanangu, halwa haisifiwi siku ya kupikwa. Ilaze usiku mmoja, kisha uje uniambie."

Jioni nenda kwenye upepo wa ufuko wa Mama Ngina, penye mihogo ya kukaanga iliyopakwa ndimu na pilipili, nawe utazame meli zikiingia bandari ya Kilindini. Dafu lichague kwa sikio: litikise, na likipiga kelele nyingi lirudishe, kwa kuwa maji yake yamepungua na lakaribia kuwa nazi. Na ukinunua asumini, usichague iliyochanua. Chukua iliyofumba, kwa maana hiyo imeuwekea usiku harufu yake.

Usiku ukijaaliwa kualikwa harusini, utaikuta taarabu. Mji huu ulimsikia mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyetoka Lamu, aliyefariki mwaka 2016. Na masikio yaliyolelewa na sauti za namna hiyo hayaridhiki upesi. Hukumu haianzi katika sauti, bali katika maneno: shairi likiwa na mizani zilizotimia na vina vilivyokaa mahali pake, mwimbaji hana haja ya kupaza. Msikilize afikapo mwisho wa ubeti. Mwimbaji duni hukimbilia ubeti wa pili. Aliye bora hukiacha kina kitue, na udi, fidla na tashkota hungoja nacho, kisha hujaza nafasi baina ya beti pasipo kufunika neno hata moja. Mwangalie pia anayekwenda kumtunza: akiinuka kwa sababu fumbo limempata moyoni, hutembea polepole, na ukumbi mzima hujua.

Basi rudi ulale, wala usiihukumu siku yako usiku huo, maana uchovu na furaha vyote viwili ni mashahidi wasioaminika. Ngoja asubuhi. Nguo uliyoivua ikiwa bado ina harufu ya asumini, na mstari mmoja wa shairi ukikujia wenyewe ungali unanawa uso, ndipo ufungue ile karatasi ya halwa uliyoilaza. Ikiwa haikutoa chembe za sukari, na samli yake haikujitenga, na yatetemeka chini ya kidole kama ilivyotetemeka jana barazani, chukua kipande, utie kinywani, kisha uende ukamwambie mzee.