Wino Mwekundu na Hadithi ya Mwanafunzi

Insha ya masimulizi humrudia mwanafunzi imejaa wino mwekundu: herufi zimesahihishwa, koma zimetiwa, hadithi yenyewe haikuguswa. Alfajiri ni ile ile, ndege ni wale wale, na methali imebandikwa mwishoni. Hivyo mwanafunzi hujifunza kuogopa kosa, asijifunze kusimulia.

Mwalimu hodari huuliza kwanza: nani alitaka nini, na nini kilimzuia? Adam Shafi, katika riwaya ya Kuli (1979), aliupitisha mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948 katika maisha ya mtu mmoja, Rashidi. Mwanafunzi na aoneshwe hilo, kisha aiandike upya insha yake.

Chombo hakishushwi majini kabla ya kutiwa kalafati. Na insha isipewe alama kabla ya kurudiwa.