Omanyala hakuchelewa kukomaa, alicheleweshwa

Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuifuta rekodi ya Afrika ya 9.84, ambayo Akani Simbine wa Afrika Kusini alikuwa ameiweka miezi michache tu kabla. Omanyala alikuwa na miaka 25. Usain Bolt alikuwa hajatimiza miaka 22 alipotwaa dhahabu ya mbio hizo kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Ndiyo maana wengi humweka Mkenya huyu katika kundi la wanariadha ambao miili yao hukomaa kwa kuchelewa. Ukiupanga muda wake hatua kwa hatua, unapata maelezo mengine: misuli ilikuwepo mapema, kilichokosekana ni mashindano. Omanyala alicheza raga kabla ya kuingia kwenye riadha mwaka 2016, na raga ya wachezaji saba humfundisha mtu kuchomoka kwa nguvu na kufikia kasi kubwa ndani ya mita chache. Hadi leo hiyo ndiyo silaha yake kuu. Si mrefu, hatua zake ni fupi na za haraka, na ushindi wake huanzia katika mita 30 za mwanzo.

Mwaka 2021 wenyewe unatoa ushahidi. Mwezi Machi alikimbia 10.01 mjini Lagos. Kwenye Olimpiki ya Tokyo alifika nusu fainali, akakimbia 10.00 na kukosa fainali kwa nafasi ndogo mno. Siku chache baadaye, mwezi Agosti, alikuwa Andorf nchini Austria, na huko akakimbia 9.86. Septemba ikaja ile 9.77. Ndani ya miezi isiyozidi sita alipunguza sekunde 0.24, na katika mbio za mita 100 hilo ni pengo kubwa sana. Misuli ya mtu wa miaka 25 haibadiliki kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo. Kilichobadilika ni idadi ya mbio alizokimbia na uzito wa wapinzani waliokuwa pembeni yake. Mkimbiaji wa mbio fupi hujifunza kuidumisha kasi katika mita 40 za mwisho pale tu anapokuwa na mtu wa kumkimbiza, na Omanyala alianza kuwapata watu hao mwaka ule.

Wapo watakaosema kwamba Nairobi ndiyo iliyombeba. Kasarani iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na siku hiyo upepo wa mita 1.2 kwa sekunde ulikuwa ukiwasukuma wakimbiaji. Hoja hii ina uzito, kwani hewa nyepesi hupunguza ukinzani, na Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 ilionyesha faida yake katika mbio fupi. Lakini mtazame aliyeshinda siku hiyo. Trayvon Bromell wa Marekani alikimbia 9.76, naye mwezi Juni alikuwa ameshakimbia 9.77 kule Miramar, Florida, karibu kabisa na usawa wa bahari. Kama mwinuko ungekuwa unatengeneza mabingwa, Bromell angepunguza zaidi ya sehemu moja ya mia. Tena ile 9.86 ya Austria haikutokana na hewa ya Nairobi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 2017 Omanyala alifungiwa miezi 14 kwa sababu ya betamethasone, dawa aliyoeleza kuwa alipewa hospitalini kutibu maumivu ya mgongo. Adhabu hiyo haipaswi kufichwa, na kila anayemchambua ana wajibu wa kuitaja. Lakini haielezi kasi aliyoipata miaka minne baadaye. Inachoeleza vizuri zaidi ni kuchelewa kwake, kwa kuwa ilimwondoa uwanjani katika umri ambao wenzake walikuwa wakijenga msingi.

Linabaki swali la mashindano makubwa. Mwaka 2022 alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham kwa 10.02, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo tangu Seraphino Antao wa Mombasa alipotamba Perth mwaka 1962. Katika mashindano ya dunia na Olimpiki, hata hivyo, mambo yamekuwa magumu. Alifika Eugene kwa mashindano ya dunia ya mwaka 2022 saa chache tu kabla ya kukimbia kwa sababu ya viza, akatolewa nusu fainali. Katika mashindano ya dunia ya Budapest mwaka 2023 alikuwa wa saba. Mwaka 2024 alikimbia 9.79 katika majaribio ya Kenya jijini Nairobi, kisha akatolewa nusu fainali kwenye Olimpiki ya Paris. Hii si dalili ya kukosa kipaji. Mbio moja ya haraka na raundi tatu ndani ya siku mbili ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili hujifunzwa kwa miaka mingi ambayo yeye hakuipata alipokuwa kijana.

Kwa hiyo viongozi wa riadha wa Kenya na nchi jirani wasimtumie Omanyala kama ushahidi kwamba kipaji hujitokeza chenyewe kikichelewa. Wawape vijana wa miaka 18 mbio za kutosha, wapinzani wa kweli, na viza kwa wakati.