Kimara hadi Kariakoo kwa baiskeli: breki, jua na maji katika misimu minne

Ukiiweka Barabara ya Morogoro kwenye ramani, kipande cha Kimara Mwisho hadi kituo cha Fire kimeelekea mashariki na kuinamia kusini kidogo. Desemba na Januari jua la Dar es Salaam linachomoza karibu upande huohuo. Kwa hiyo anayeshuka na baiskeli kwenda Kariakoo saa 12 na nusu asubuhi anapigwa na jua usoni, na dereva wa daladala aliye nyuma yake anapigwa na jua lilelile. Juni na Julai mambo yanageuka. Asubuhi jua linasogea kushoto na kuacha barabara wazi, ila jioni, wakati wa kurudi, linazama mbele kabisa ya anayepanda Kimara.

Nimeanza na jua makusudi, kwa sababu ukimuuliza mtu yeyote baiskeli ni hatari lini, atakujibu: masika. Jibu hilo ni nusu tu. Kwenye njia hii hatari ipo mwaka mzima, inachofanya ni kuhama. Mwezi huu iko kwenye ringi, mwezi ule iko chini ya maji ya bonde la Jangwani, mwingine iko machoni mwa dereva. Wauza mikate, walinzi, mafundi ujenzi na wachuuzi wanaopita hapa miaka nenda rudi bila kuvunjika wanajua hatari imehamia wapi, na wanabadilisha kitu kimoja au viwili kabla haijawafikia.

Sasa twende kwenye breki, maana zinaweza kumuua asiyejua.

Baiskeli za kazi unazozikuta Dar es Salaam ziko za aina mbili kubwa. Kuna zile nzito za Kichina na Kihindi, kama Phoenix na Avon, zenye breki za vyuma na ringi za chuma zilizong'arishwa. Halafu kuna za mtumba kutoka Japani na Ulaya, ambazo nyingi zina breki za waya na ringi za alumini, na baadhi ya zile za Japani zina breki ya ngoma au ya mkanda kwenye gurudumu la nyuma. Siku ya jua kali hizi mbili hazipishani sana. Mvua ikinyesha ndipo zinapoachana. Ringi ya chuma ni laini mno. Maji yanatandaza juu yake utando mwembamba, raba inateleza juu ya utando huo, na mtu anabana kwa nguvu zote huku baiskeli ikiendelea na safari. Alumini inashikika vizuri zaidi ikilowa. Breki ya ngoma imejificha ndani, mvua haiigusi kirahisi.

Piga hesabu uone. Tuseme unakwenda kilomita 18 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa, sawa na mita 5 kila sekunde. Ukiona mtu anavuka, sekunde moja inapita kabla mkono haujabana, na umeshakula mita 5. Kwenye ukavu, breki nzuri itakusimamisha baada ya mita nyingine 3 hivi. Ringi ya chuma ikilowa na nguvu ya breki ikashuka hadi robo, mita 3 zinakuwa 12. Jumla inatoka mita 8 na kufika 17, karibu urefu wote wa basi la mwendokasi lile lenye maungio. Na hapo bado hujashuka mteremko wa Kimara. Mwendo ukifika kilomita 27 kwa saa, umbali wa breki peke yake kwenye maji unazidi mita 25, kwa sababu umbali huo unakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukiwa na mzigo kwenye keria, ongeza tena.

Dawa yake wazoefu wanaijua hata kama hawajawahi kuipigia hesabu. Kwanza wanagusa breki mapema. Wakiukaribia mteremko au kituo chenye watu, wanabana kidogo, bila nia ya kusimama, ili raba ifute maji kwenye ringi. Kila mzunguko wa gurudumu ni mita 2 na ushee, na inachukua mizunguko kadhaa kabla raba haijaanza kushika. Anayesubiri hadi atakapohitaji kusimama anaitumia mizunguko hiyo kumgonga mtu. Pili, wanapunguza mwendo kileleni, kabla mteremko haujaanza. Ukishauacha mwendo ukue, ringi iliyolowa haitakurudishia.

Tatu ni raba zenyewe. Raba ya breki ikikaa juani mwaka mzima inakuwa ngumu na kung'aa. Kwenye ukavu haisemi kitu, mvua ya kwanza inaisema. Ipitishie msasa hadi uso unaong'aa utoke, chomoa mchanga na vipande vya chuma vilivyoganda humo, na ikiwa imefika karibu na kishikio chake, itupe. Hii ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote wa chini ya mwembe, na bei yake haifiki popote karibu na bei ya mguu.

Wengi wanashangaa nikiwaambia kwamba kashata za tairi si kitu kikubwa kwenye lami yenye maji. Gari huweza kuelea juu ya maji kwa sababu tairi lake ni pana na upepo wake ni mdogo. Tairi la baiskeli ni jembamba na limejaa upepo mwingi, linapasua maji hadi chini. Ili lielee ungehitaji kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Kinachomwangusha mtu ni mahali anapokanyaga: mistari ya rangi ya pundamilia, mfuniko wa chemba, bamba la chuma lililofunika shimo, tope jembamba lililoteremka kutoka mitaa ya juu ya Kimara. Hapo mwili unyooke, usukani unyooke, usibane breki wala usikate kona hadi upite. Kashata zina kazi yake, nayo ni kwenye tope na mchanga wa mitaani, kabla hujaikuta lami.

Jangwani ni habari nyingine. Barabara inashuka kutoka Magomeni hadi bonde la Mto Msimbazi kisha inapanda Fire. Mvua kubwa ikinyesha, hata kama imenyesha huko juu na mjini kukavu, mto unaweza kufurika na barabara kufungwa. Watu wazima wenye akili timamu huwa wanajaribu kuvuka wakikokota baiskeli. Wasijaribu. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulisogeza gari dogo. Baiskeli ukiikokota pembeni inageuka tanga, mkondo unaisukuma magurudumu nayo inakusukuma wewe. Kibaya zaidi, chini huoni. Mtaro uliokuwa wazi jana bado uko wazi leo, na mfuniko wa chemba ulioibwa ukauzwe chuma chakavu haujarudi. Uamuzi wa Jangwani unafanyika Magomeni Mapipa, ukiwa juu: ukiona magari yanageuza, geuza. Kukosa mshahara wa siku moja kunauma, naelewa, lakini hakuna ufundi wa kuvuka mto uliofurika.

Madimbwi madogo yasiyokwenda popote ni tofauti, ukiwa unaijua njia. Pita alikopita aliyekutangulia, polepole, na ukitoka gusa breki uzikaushe. Maji yakifika kwenye ekseli yanaingia kwenye gololi na kufukuza grisi. Baiskeli iliyozama hivyo ifunguliwe na ipakwe grisi mpya wiki hiyohiyo, usisubiri ianze kulia.

Vuli inadharauliwa kwa kuwa mvua zake za Oktoba hadi Desemba ni fupi kuliko za Machi hadi Mei. Mimi naiogopa kuliko masika kwa jambo moja: tone la kwanza. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, na lami inakusanya oili ya magari, vumbi na unga wa matairi. Manyunyu ya mwanzo yanavichanganya kuwa utelezi, hayana nguvu ya kuvisafisha. Mvua ikipiga vizuri, barabara inaoshwa na inashikika zaidi kuliko ilivyokuwa katika dakika za mwanzo. Kwa hiyo mvua ya kwanza ikikukuta Manzese, simama kibarazani uiache ifanye kazi yake.

Kiangazi na kipupwe navipitia haraka. Mchanga unajikusanya ukingoni mwa lami, hasa kwenye midomo ya mitaa, na gurudumu la mbele likiingia humo limekata kona, umelala chini. Ingia ukiwa umenyooka, piga pedeli taratibu, uzito urudi nyuma kwenye tandiko. Cheni usiilowanishe oili chafu msimu wa vumbi. Mchanga unashikana na oili na kuzitafuna cheni na meno kwa pamoja. Futa kwa kitambaa kikavu, weka tone moja kila pingili, futa tena. Oili nzito iache kwa ajili ya masika. Upepo wa kusi unamkabili anayekwenda mjini na kumsukuma anayerudi, ila asubuhi mara nyingi umetulia, hautafuti ugomvi.

Narudi kwenye kuonekana, maana hakuna msimu usio na giza. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, jua likizama giza halichelewi. Katikati ya mwaka, anayefunga kazi saa 12 jioni anapanda Kimara gizani. Anapanda kwa kilomita 12 kwa saa, gari nyuma yake linakwenda 50, kasi inayoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi. Pengo lao linapungua mita 10 na nusu kila sekunde. Asiye na taa akionekana umbali wa mita 30, dereva ana sekunde zisizofika 3. Rifleka safi na taa ya nyuma vikionekana mita 100, ana sekunde 9 na nusu. Kofia ngumu vaa, sikupingi, lakini kofia inafanya kazi ukishaanguka. Fedha ya kwanza iende kwenye raba za breki, ya pili kwenye taa ya nyuma. Na jua likiwa mbele yako na ya dereva aliye nyuma, iwashe taa hiyo hata mchana, vaa rangi kali, usitanuke katikati ya barabara kukwepa shimo bila kugeuka nyuma.

Njia ya mwendokasi ilipoanza kazi Mei 2016, pembeni yake palikuwa pamejengwa njia ya baiskeli, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikapata Tuzo ya Usafiri Endelevu. Mpango huo ulikuwa sahihi. Kilichobaki ni njia yenyewe kuwa wazi. Bodaboda inapoifanya njia ya mkato, meza ya biashara inapoikalia na gari linapoegeshwa juu yake, mwendesha baiskeli anasukumwa kwenye lami kuu, na hesabu zote nilizopiga hapo juu zinakuwa zake. Wanaosimamia barabara hii wafunike mitaro na chemba kabla ya Machi na waifungue njia ile kila asubuhi.

Nawe unayeendesha, usisubiri wingu. Februari ipeleke baiskeli kwa fundi, na mwambie aanze na breki.