Kiingereza cha Uwanja wa Pete

Ikifika Juni, Simiyu hukauka. Pamba imechumwa au inamaliziwa kuchumwa, njia za vijiji vya Bariadi, Itilima na Maswa zinatimua vumbi, na nyasi za viwanja vya shule zimekwisha. Ndio msimu wa michezo. Shule za msingi hupeleka timu kwenye mashindano ya UMITASHUMTA, na watoto ambao hawakuchaguliwa hucheza wenyewe kwa wenyewe mpaka jua lizame. Kwa anayependa kuona kazi ikifanywa vizuri, ni wakati wa kutafuta kivuli na kumtazama mwalimu wa mpira wa pete.

Nasema mwalimu wa mpira wa pete, ingawa ninayemsifu ni mwalimu wa Kiingereza. Katika shule za vijijini mara nyingi ni mtu yule yule: asubuhi ana vipindi vyake darasani, alasiri ana timu ya wasichana. Wengine huzifanya kazi hizo mbili kila moja kivyake. Walio stadi wameshagundua kwamba ni kazi moja.

Mtoto wa huku mara nyingi huongea Kisukuma nyumbani. Kiswahili ndicho anachofundishiwa shuleni, na Kiingereza kinamjia kama lugha ya tatu. Katika shule ya msingi ya serikali ni somo tu miongoni mwa masomo. Akiingia kidato cha kwanza kinageuka ghafla kuwa lugha ya karibu kila somo. Lakini sokoni hakuna anayemsemesha Kiingereza, wala kwenye mizani ya pamba. Neno aliloliandika kwenye daftari asubuhi halina kazi mchana.

Uwanjani linapata kazi. Timu ina wachezaji saba, na kila mmoja amevaa kizibao chenye herufi kifuani: GS, GA, WA, C, WD, GD, GK. Nyuma ya herufi hizo mna maneno saba tu: "goal", "shooter", "attack", "wing", "centre", "defence", "keeper". "Centre" husimama peke yake. Mengine huungana mawili mawili mpaka nafasi zote zikapata majina. Mtunzi wa vitabu vya kiada angejivunia ubanifu huo. Wala hakuna aliyeupanga kwa ajili ya kufundisha lugha. Mchezo ulikulia Uingereza kutokana na mpira wa kikapu, mwishoni mwa karne ya 19, ukasambaa pamoja na dola la Waingereza.

Utamu wenyewe uko kwenye mipaka. Uwanja umegawanywa theluthi tatu, na mbele ya kila goli kuna nusu duara. GS hatoki theluthi ya kushambulia. WA anacheza theluthi ya kati na ile ya kushambulia, ila haingii nusu duara. C anazunguka kote isipokuwa ndani ya nusu duara zote mbili. Anayekanyaga pasipo pake anapigiwa filimbi, na mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwa hiyo maana ya jina haikaririwi. Mtoto anaitembea kwa miguu. Soka haina jambo hili. Wavulana wana "kona", "penalti" na "winga" midomoni tangu hawajaanza shule, lakini winga anaruhusiwa kukimbilia popote, na jina lake halimbani.

Sasa mtazame mwalimu stadi anavyoanza. Hatoi mpira kwanza. Anachora mistari kwa majivu, anawasimamisha wasichana pembeni, ananyanyua kizibao cha C juu. "Who is the centre?" Kimya. Hatafsiri, hataji jina la mtu, hajibu swali lake mwenyewe. Anangoja. Kungoja huko ndiko kunakonipendeza kuliko yote, maana mwalimu wa kawaida hawezi kuvumilia kimya cha watoto. Hukijaza kwa maneno yake, na mtoto anajifunza kwamba akinyamaza atasaidiwa. Mwishowe msichana mmoja anajitosa: "I am the centre." Anavishwa.

Halafu anatembezwa. "Can you go here?" "Yes, I can." Hatua chache. "Can you go here?" "Yes, I can." Wanafika kwenye mstari wa nusu duara. "Can you go here?" Akijibu ndiyo, timu nzima inamzomea hata kabla mwalimu hajafungua kinywa. "No, I cannot." Kanuni za mipaka katika mpira wa pete zote ni "can" na "cannot", kumbe somo lile ambalo vitabu hulifundisha kwa ndege anayeweza kuruka na samaki anayeweza kuogelea, hapa lina hukumu na filimbi.

Mpira ukianza, mwenye nao hana zaidi ya sekunde 3 kabla ya kuuachia. Anayemlinda lazima akae umbali wa sentimita 90 kutoka mguu aliotulia nao. Ndani ya sekunde 3 hakuna nafasi ya kusikia "pass" kwa Kiingereza, kuitafsiri kwa Kiswahili na kuiwaza kwa Kisukuma. Mkono unajibu moja kwa moja. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alijenga mbinu nzima ya kufundisha lugha juu ya jambo hili katika miaka ya 1960: mwanafunzi asikie amri, aitii kwa mwili, kuongea kutafuata. Mwalimu wa kijijini aweza kuwa hajawahi kulisikia jina hilo, na hapungukiwi kitu.

Kitu kingine: uwanjani hasahihishi matamshi. Filimbi ni ya miguu tu. Akisikia "senta" anaiacha ipite, na kesho asubuhi anaiandika ubaoni, pengine kwa chaki iliyotengenezwa Maswa, mkoani humu humu, ili watoto washangae wenyewe kwamba neno wanalolipigia kelele kila siku linaandikwa vile. Na mechi ikiisha hawaruhusu kutawanyika. Anawaketisha, anauliza nani alikosea. Mabishano yanawaka: "She stepped!" "No, she passed!" Anayetaka kutetea timu yake anautafuta wakati uliopita kwa nguvu zake zote.

Tusizidishe sifa. Mpira wa pete hautamwezesha mtoto kusoma kitabu cha baiolojia cha kidato cha kwanza, na mwalimu anayegeuza kila mchezo kuwa kipindi atawachosha watoto na kuua mchezo wenyewe. Rede, kwa mfano, iachwe kama ilivyo. Wasichana wanakwepa mpira huku wakijaza mchanga kwenye chupa, na hawahitaji mtu mzima kuwauliza lolote.

Ila kwa kamati za shule za Simiyu nina ombi. Mnapopanga matumizi ya mwaka, wekeni fungu la vizibao. Fundi cherehani yeyote wa Bariadi atavishona kwa vitambaa vilivyobaki, na herufi zote za timu moja ni 13. Agizeni seti mbili, kwa sababu timu zinazocheza ni mbili, na wavulana nao wapewe zamu ya kuvivaa.